Ukurasa wa Daftari la Kabula

Arobaini ya Mama ilipokwisha, wadogo zangu waligawana vitu. Mmoja alichukua redio, mwingine mkeka mpya na vyungu, kanga zikaenda kwa wakwe, na sanduku la mbao wakaniachia mimi kwa kuwa ndiye binti mkubwa. Nililifungulia sebuleni kwangu, hapa Kibaha, nikiwa peke yangu. Harufu iliyotoka ilinikalisha chini. Ilikuwa ya dawa ya nondo na karafuu, na kwa mbali ile harufu kavu ya sufi ya mito ya zamani. Ndani mlikuwa na doti moja ya kanga ambayo haijakatwa, cheti chake cha kisomo cha watu wazima, na chini kabisa mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Nilifunua kunjo la kwanza tu. Mwandiko niliutambua kabla sijasoma neno lolote, herufi zimelalia upande wa kulia kama mtu anayetembea dhidi ya upepo. Ulikuwa mwandiko wa Kabula. Nikapekua sanduku zima kutafuta kitu changu. Barua zangu za miaka minne ya sekondari hazikuwemo, wala picha ya harusi yangu, wala ripoti hata moja ya shule. Ukiacha kile cheti chake, Mama alikuwa ametunza karatasi moja tu maishani mwake, nayo ilikuwa ya mtoto wa watu. Nina miaka hamsini na ushee, nina wajukuu wawili, na bado pale sakafuni niliona wivu vilevile kama zamani. Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye mkoba, nikazunguka nayo wiki nzima bila kuifungua tena.

Kabula alikuja kijijini kwetu tukiwa darasa la sita. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya maji kule Ruvu, Mnyamwezi wa Tabora, na mama yake alikuwa amebaki huko akimuuguza bibi. Kabla hajaja, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani, kila muhula, bila kutoka jasho. Baada ya kuja kwake nikawa wa pili. Watoto wenzangu walifurahi sana, wakasema sasa jina langu limenikaa sawasawa, maana jina langu ni Pili. Nyumbani nilikuwa nimeambiwa kwamba hilo ni jina la bibi mzaa baba, na mimi nikaridhika. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtoto mkubwa wa nyumba aitwe Pili.

Kuna mengi sikujiuliza. Nyumba za kijiji chetu zilipangwa mistari, kila mlango na nambari yake, na mimi nilidhani vijiji vyote duniani hupangwa hivyo. Msimu wa korosho ukifika, wakubwa walikuwa wakiondoka alfajiri kwa miguu kwenda "kule Kisarawe", wakirudi kesho yake jioni na magunia kichwani na maneno machache mdomoni. Mama naye alikuwa akienda. Akirudi hupika, hutugawia, kisha hukaa uani akiwa ameegemea ukuta, na ukimwita anachelewa kuitika. Nilidhani ni uchovu wa njia.

Mwaka tulioingia darasa la saba, Mwalimu Mhina alituletea kazi ambayo sijaisahau. Alikuwa Msambaa mrefu, mkali kwa maneno kuliko kwa fimbo, na alisema kwamba tumeandika vya kutosha insha za "Siku nitakayoikumbuka" tulizozitunga kwa kutazama dari. Safari hii tungeandika insha ya utafiti: jinsi kijiji chetu kilivyoanza. Tena asingepokea insha kabla ya kuona vitu viwili. Kwanza wazo kuu, sentensi moja tu. Pili mifupa ya insha, yaani hoja zako zimepangwa moja, mbili, tatu, na mbele ya kila mfupa jina la shahidi, mtu uliyemuuliza kwa mdomo wako. Daftari zenyewe wakati ule zilikuwa za kutafuta kama sabuni na sukari, kwa hiyo kila mmoja wetu aliandika kwa herufi ndogo ndogo.

Mwenye insha bora angekwenda Kibaha kuisoma mbele ya wakubwa, pamoja na wanafunzi wa shule nyingine. Angekwenda kwa gari. Angekwenda na mzazi mmoja. Mengine yote aliyosema mwalimu siku ile yalinipita, nikabaki na hilo la mzazi mmoja. Baba alikuwa akifanya kazi Dar na kuja mwisho wa mwezi, na nyuma yangu walikuwako wadogo wanne, kwa hiyo sikumbuki kama niliwahi kuwa na Mama peke yangu kwa muda wa kutosha kuchemsha maji. Nikapiga hesabu ya siku nzima, kwenda na kurudi, bega kwa bega na Mama, bila mtoto mwingine mgongoni wala miguuni. Niliitaka siku hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote.

Wiki iliyofuata mwalimu aliniinua niwe wa kwanza kusoma wazo kuu.

"Kijiji chetu ni kizuri na kina maendeleo mengi," nikasoma kwa sauti ya mkutano.

Mwalimu aligeukia darasa. "Nani humu anasema kijiji chetu ni kibaya?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi Pili, umeshinda kesi isiyo na mshitakiwa. Kaa chini. Wazo kuu ni neno ambalo mtu mwenye akili zake anaweza kulikataa, halafu wewe ukamthibitishia kwa ushahidi mpaka akubali. Hilo lako hakuna wa kulikataa, na kwa hiyo hakuna haja ya kuliandikia insha."

Akamwinua Kabula. Kabula akasoma, "Watu walihamia hapa bila kupenda."

Mwalimu alitazama mlangoni kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Hapo pana kitu. Lakini kwa nini hawakupenda? Hujasema. Nenda kaulize watu wenyewe."

Nilirudi nyumbani nimevimba. Mama alikuwa uani akichambua kisamvu. Nikakaa karibu yake na daftari langu, nikaanza utafiti.

"Mama, huku tulikujaje?"

"Kwa lori."

"Kwa nini?"

"Tuliambiwa tuje."

"Mlipenda?"

Mama aliendelea kuchambua majani. "Pili, ndoo ina maji?"

Utafiti wangu ukaishia hapo. Katika nyumba yetu mtoto hakumwuliza mzazi swali mara mbili.

Kesho yake alasiri nikasikia sauti mlangoni. "Hodi Wazaramo! Mmeamka, au bado mmelala kwa uchovu wa ngoma?"

Nilijua ni Kabula, nikangoja Mama amfukuze. Mtoto wa darasa la saba, anamtukana mtu mzima mlangoni kwake! Lakini Mama alinyanyua kichwa na uso wake wote ukafunguka.

"Nani huyo? Mpagazi? Tua mzigo wako huko nje, usinichafulie ua."

"Shikamoo mtani."

"Marahaba. Umefuata nini, njaa?"

"Nimekuja kuona kama Wazaramo wanajua kupika." Na hapo hapo akaenda jikoni, akafunua sufuria, akachukua kipande cha muhogo bila kuomba, akakiuma. Mama akacheka. Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule miaka kumi na mitatu na kicheko kile sijawahi kukisikia. Kilianzia tumboni.

Ninyi mliokulia pwani mnajua mambo ya utani, sina haja ya kuwafundisha. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakishuka na mizigo na kupita kwetu. Mtani haombi, anachukua. Anakutukana na hukasiriki, hata msibani yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Na anaweza kukuuliza jambo ambalo mtoto wako wa kumzaa hathubutu. Mimi wakati ule niliyajua hayo kwa masikio tu. Macho yangu yaliona kitu kimoja, kwamba Mama amepata mtoto anayempenda kuliko mimi.

Kabula alikuja siku nne mfululizo. Siku ya pili Mama alimpa ukoko. Ukoko wa nyumba ile ulikuwa wangu tangu nilipoota meno, na wadogo zangu waliliheshimu hilo. Siku hiyo Mama aliubandua mzima, akaupeleka uani, na Kabula akautafuna huku akisema ukoko wa Kizaramo umeungua. Siku ya tatu alikalia kibao cha mbuzi cha Mama, akakuna nazi, wakatukanana mpaka jirani akaja kuchungulia. Wasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilikuwa nakonda.

Siku ya nne nilikuwa jikoni, na wao wako uani mkekani. Nikamsikia Kabula akiuliza kwa sauti ileile ya mzaha, "Mtani, huyu mtoto wenu mnamwita Pili. Mosi yuko wapi? Mlimla?"

Nikangoja kicheko. Hakikuja. Kilichokuja ni sauti ya Mama ikisema, "Pili, nenda kisimani."

"Ndoo imejaa, Mama."

"Imwage, uende."

Nilikwenda. Niliporudi niliwakuta wamekaa karibu karibu, mkono wa Kabula uko juu ya goti la Mama, na macho ya wote wawili yamelowa. Nikajua wamecheka mpaka machozi. Niliamini hivyo kwa moyo wote. Mimi nimetumwa maji yasiyohitajika ili wao wacheke vizuri. Nikapita nao kwa kishindo, nikamwaga maji mlangoni makusudi, na Mama, ajabu yake, hakunigombeza.

Kabula aliondoka akiwa ameduwaa, hata daftari lake akalisahau mkekani. Mama aliingia ndani kuswali magharibi. Nikalichukua lile daftari, nikaenda nalo nyuma ya choo ambako bado kulikuwa na mwanga, nikalifungua.

Wazo kuu lilikuwa limeandikwa upya: "Watu wa kijiji hiki walikataa kuhama si kwa sababu ya mashamba, bali kwa sababu ya makaburi." Chini yake ilikuwa mifupa. Mfupa wa kwanza ulisema mashamba hayakupotea, maana watu bado wanakwenda Kisarawe kuchuma korosho zao. Shahidi, watu wote. Wa pili ulisema Mzee Kibwana alikuja na udongo wa kaburi la baba yake ndani ya debe. Shahidi, Mzee Kibwana mwenyewe. Wa tatu nauandika kama ulivyokuwa: "Mama Pili alikaa kwenye kaburi la mtoto wake wa kwanza, Mosi, aliyekufa kwa surua. Lori lilimngoja mpaka saa nane. Shahidi, Mama Pili." Na mwishoni kabisa, bila nambari, Kabula alikuwa amejiandikia: "Nimuulize: kwa nini mwishoni alikubali kupanda?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa na dada. Nilimsoma katika daftari la mtu mwingine, mfupa wa tatu.

Mtu mwema angelia. Mimi nataka kusema kweli, kwa kuwa waliohusika wengi hawapo tena: nilipata wivu wa watu wawili kwa mpigo. Nilimwonea wivu Kabula aliyeambiwa, nikamwonea wivu na huyo Mosi, mtoto aliyekufa, ambaye Mama alimkalia kaburini mpaka lori zima likangoja. Mimi hakuna gari lililowahi kuningoja. Nikauchana ukurasa ule taratibu, usitoe mlio, nikachomoa na mwenzake wa upande wa pili ili pasionekane pengo. Ule mwenzake niliutupa chooni. Wenyewe niliutia ndani ya mto wangu wa sufi, pale mshono ulipokuwa umefumuka. Daftari nikalirudisha mkekani. Asubuhi Kabula alilipitia, akalitia kikapuni bila kulifungua.

Siku hiyo Mwalimu Mhina alikuwa anachagua. Akaniita mimi kwanza, nadhani ili amalize haraka. Nilisimama na daftari langu mwenyewe, ambamo nilikuwa nimenakili kila kitu kwa mwandiko wangu, nikasoma wazo kuu la Kabula toka mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu akaweka chaki mezani.

"Mifupa?"

Nikasoma. Nilipofika "mtoto wake wa kwanza, Mosi," nikasema, "Mama yangu. Mosi ni dada yangu." Na wakati nasema hivyo nilijiona nina haki kabisa. Mama ni wangu, dada ni wangu, kaburi ni la kwetu. Kabula ana nini hapo?

Nyuma yangu nikasikia karatasi zinapekuliwa, kwenda mbele, kurudi nyuma. Kisha Kabula akasimama.

"Mwalimu, hayo ni yangu! Ameniibia! Huyu Mzaramo mwizi, amechana daftari langu!"

Darasa zima likaangua kicheko.

Ndugu msomaji, walikuwa wamezoea. Tangu darasa la sita Kabula alikuwa akiniita mwizi, mvivu na mpenda ngoma, na mimi nikimwita mpagazi, na kila mtu akifurahi. Hapakuwa na tusi alilobakiza kwa ajili ya siku ya kweli. "Watani hao!" akapiga kelele mvulana mmoja wa dawati la nyuma. Kabula akasema, "Si utani! Si utani, jamani!" na hilo likawachekesha zaidi. Akaanza kulia. Wakacheka kilio chake, maana watani hulia hivyo misibani, kwa sauti, ili wapewe kitu. Hata Mwalimu Mhina alitabasamu.

"Kabula, mtani akikuibia unamkamatia kuku wake, hulii. Kaa chini. Kesho niletee mifupa mingine."

Nilibaki nimesimama. Ningeweza kusema neno moja tu, na kicheko kile kingekatika. Nilicheka pamoja nao.

Alasiri mwalimu alikuja nyumbani na baiskeli yake. Nilimwona tangu mbali, nikakimbilia jikoni. Alikaribishwa kigoda, akapewa maji, akasalimiana na Mama kwa urefu, kisha akasema, "Mama Pili, binti yako ameandika jambo zito. Kabla halijasomwa mbele za watu nataka nihakikishe. Ni wewe uliyemsimulia habari za kule makaburini?"

Mama alikuwa amesimama na kata mkononi. Alinitazama mimi niliyejibana kwenye nguzo ya jiko. Alinitazama kwa muda mrefu, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

"Nilimsimulia," akasema.

"Na umeridhia lisomwe?"

"Ameshaliandika, mwalimu."

Baiskeli ilipopotea barabarani nikangoja fimbo. Mama alirudisha kata mtungini, akapangusa mikono. "Mtani wangu hajaja leo," akasema.

"Hajaja."

"Kesho mwambie nimemwekea ukoko."

Sikumwambia. Kesho yake Mama akaniuliza kama nimemwambia, nikasema nimemwambia, amekataa. Huo nao ulikuwa uwongo wangu, na mpaka leo ndio unaonichoma kuliko wizi wenyewe. Kabula hakuja tena nyumbani kwetu. Na shuleni aliacha kunitukana. Akawa ananiita Pili, kwa adabu, na kuniomba ufutio kwa kusema tafadhali. Wenzetu hawakuona kitu. Mimi nilijua kwamba nimetengwa.

Siku ya Kibaha ilifika. Mama alivaa kanga zake za Idi. Tulikaa kwenye benchi la gari bega kwa bega, nywele zake zikinukia mafuta ya nazi, na hapakuwa na mtoto mgongoni wala miguuni. Siku niliyoitaka ilikuwa imefika kama nilivyoipanga, na Mama hakusema neno toka Mlandizi mpaka tunashuka. Nilimwonyesha gari la zimamoto lililotupita. Akasema, "Naliona."

Ukumbini nilisoma vizuri. Sauti yangu haikutetemeka hata kwenye mfupa wa tatu, ila nilikazia macho karatasi nisije nikamwona Mama safu ya mbele. Nilipomaliza, mzee mmoja wa meza kuu, mwenye shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni, akavua miwani.

"Mwanangu, umetueleza kwa nini mama huyu alikataa kuhama. Hukutueleza kwa nini mwishoni alikubali."

Lilikuwa swali lilelile la Kabula. Nilikuwa nalo ndani ya mto wangu majuma matatu, na aliyelijua jibu alikuwa akilala chumba cha pili. Sikuwa nimemwuliza. Kumwuliza kungekuwa kukiri kwamba hakuwahi kunisimulia. Ukumbi ulikuwa unangoja, nikatoa jibu ambalo kila mtoto wa shule wakati ule alikuwa nalo tayari mdomoni.

"Kwa sababu aliona faida za kijiji cha ujamaa."

Makofi yalikuwa mengi. Wakubwa waliinamiana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo nilipomtazama Mama. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa amevuta upembe wa kanga mpaka kidevuni, anaitazama sakafu.

Nikawa wa pili. Nilipewa kamusi. Kwenye gari la kurudi Mama aliishika kamusi ile mapajani, akaifunua, akapitisha kidole chini ya maneno mawili matatu akiyasoma kwa midomo tu, namna walivyofundishwa kwenye kisomo. "Umesoma vizuri," akaniambia. "Umesikika mpaka nyuma." Kisha akageukia dirishani, upande wa Kisarawe, na hakugeuka tena. Niliuonea wivu hata upande ule.

Usiku huo niliuminya mto wangu kutafuta karatasi. Haikuwemo, na mshono ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikajiambia ni panya. Panya gani anayejua kushona sikutaka kujiuliza. Penseli yangu nayo ilipotea kama siku mbili, ikarudi imechongwa kwa kisu.

Baba yake Kabula alihamishwa kurudi Tabora kabla ya matokeo ya darasa la saba. Walipita barabarani wamepanda juu ya mizigo kwenye lori. Mama alikuwa anafagia mbele ya nyumba. "Kwaheri mtani!" Kabula alipiga kelele toka juu. "Na mimi lori limenibeba!" Mama akacheka kile kicheko cha tumboni, akatupa fagio, akakimbia nyuma ya lori akipunga mpaka vumbi likammeza. Mimi nilikuwa mlangoni. Kabula aliniona, akaniinamishia kichwa kidogo, kama unavyomsalimu mtu mzima usiyemjua. Sijamwona tena. Siku ya kumzika Mama nilijikuta naitazama barabara, nikimtafuta Mnyamwezi yeyote aje aliingie lile kaburi, agome kutoka mpaka apewe kitu, atuchekeshe. Tulimzika kimya.

Jana alasiri, baada ya wiki nzima ya kubeba mkoba, niliitoa karatasi, nikaiweka juu ya meza ya kulia na kuikunjua yote. Nyuzi mbili tatu za sufi zilikuwa bado zimenasa kwenye kingo. Wazo kuu lipo. Mifupa mitatu ipo na mashahidi wake. Swali la Kabula nalo lipo chini, wino umefifia kuwa kahawia.

Chini ya swali kuna maandishi mengine, ya penseli. Herufi ni kubwa, moja moja, hazishikani mikono, na zimekandamizwa mpaka zinahisika kwa nyuma ya karatasi. Ni mwandiko wa kisomo cha watu wazima. Mwenye mwandiko huo aliona jinsi mifupa inavyopangwa, akafuata utaratibu wa mwalimu mpaka mwisho, nambari, hoja na shahidi.

"4. Pili alikuwa mgongoni. Alilia njaa. Nikapanda. Shahidi, Mama Pili."